Watu Watano wa Mti

Mwezi uliopita niliagwa shuleni kwa pilau, khanga mbili, na hotuba ya mkuu wa shule iliyonisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya. Niliyoyafanya hakuyataja, na simlaumu, maana alihamia kwetu mwaka juzi tu. Baada ya chakula, Mwalimu Zawadi, binti anayepokea kazi yangu ya michezo, alinionyesha kwenye simu yake vifaa vya mazoezi vinavyouzwa huko mijini: wavu unaorudisha mpira, mpira unaofungwa kiunoni kwa lastiki, na watu wa plastiki wa kusimamishwa kama ukuta mchezaji anapojifunza kupiga mpira wa adhabu.

"Madam, enzi zenu mlikuwa mnatumia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hivyo vyote tulikuwa navyo, ila watu wetu wa ukuta walikuwa na sura. Akacheka, akadhani namtania. Ndiyo maana nimekaa kibarazani na daftari.

Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitaandika jinsi ya kumfundisha mtoto kuupiga mpira mahali ambapo mpira wenyewe ni mmoja. Nitaandika pia juu ya hofu niliyokwenda nayo kazini kila siku tangu nianze kufundisha wasichana soka: kwamba jioni moja mzazi atatokea uwanjani, amshike binti yake mkono, aondoke naye.

Mimi ni Mmakua, kwetu ni upande wa Chidya. Nilianzia kazi shule ya msingi moja nje kidogo ya Masasi. Siku ya kwanza nilifika na filimbi mpya shingoni na viatu vyeupe, vyeupe kwa saa moja hivi. Mkuu wa shule akanipeleka kwenye kabati la michezo, akalifungua polepole kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. Ndani mlikuwa na pampu isiyo na sindano, na nusu ya mpira uliopasuka. Katika nusu ile alikuwamo kuku ameatamia.

"Mwalimu, tafadhali usimsumbue mpaka atotoe," akaniambia.

Basi majuma matatu ya kwanza ya kazi yangu nilifundisha mchezo wa mpira bila mpira. Tulikimbia mchakamchaka, tukaruka kamba, na kila asubuhi watoto wakaniletea habari za mayai. Walitotolewa vifaranga tisa. Hayo ndiyo matokeo ya kwanza niliyoyapata katika idara ya michezo.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Mtipa, mzee mwembamba aliyebakiza miaka miwili astaafu. Yeye hakuamini kelele. Walimu wengine walisimama pembeni wakipayuka "Piga vizuri! Piga vizuri!" naye akasema mtoto angejua vizuri ni vipi angekuwa ameshapiga. Alichukua vumbi la chaki kutoka kwenye ubao, akalichanganya na maji kidogo, akaupaka mpira upande mmoja. Mtoto akishapiga, anaambiwa anyanyue mguu aangalie. Chaki ikiwa kwenye vidole, mpira umeenda kombo. Ikiwa pale kwenye mfupa wa juu ya unyayo, mpira umeenda ulikotumwa. Mtoto anajiona mwenyewe, hakuna wa kumgombeza. Nimeitumia chaki ile miaka yote, na nikahama nayo nilipopelekwa Newala kufundisha sekondari.

Newala ndiko nilikoanzisha timu ya wasichana. Kulikuwa na netiboli, na netiboli haikuwa na ugomvi na mtu. Lakini wasichana walikuwa wakicheza chandimu nyuma ya bweni kwa mpira wa soksi, tena wanacheza kwa ufundi, nami nikasema heri wacheze mbele ya macho yangu. Mpira tulikuwa na mmoja. Ukiwa na wachezaji ishirini na mpira mmoja, kila mmoja ataugusa mara nne kisha jua linazama. Nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukawa ukanda mrefu, nikaufunga mpira wetu wa zamani ndani ya wavu wa kubebea vitunguu, nikauning'iniza kwenye tawi la mkorosho uliokuwa mpakani mwa uwanja. Unapiga, unaenda, unarudi wenyewe. Hakuna wa kuufuata kwenye mihogo. Msichana mmoja aliweza kupiga mara mia kabla ya kengele, na wanaopita njiani kuelekea Mkunya walisimama kutazama.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba mkorosho una mwenyewe na una msimu wake. Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi na umande, mwenye shamba alipita mapema na mashine yake akapulizia salfa, ile dawa ya ukungu wa korosho. Sisi tukaja nyuma yake. Msichana wa kwanza akautandika mpira kwa nguvu zake zote, tawi likatikisika, na ule unga wa njano ukatushukia wote, mwalimu akiwa wa kwanza. Macho yaliwaka moto. Timu nzima tulikuwa tunalia, mwenye shamba naye analia kwa sababu salfa yake imeishia kwenye nywele zetu badala ya kwenye maua. Maji ya kunawa yalikuwa yale ya kupikia uji, na mnajua maji ya Newala yanavyopatikana. Siku ile tulikula mihogo mikavu, na mpishi hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Wazazi watatu walikuja siku ya pili yake, na wasichana watatu wakaondoka kwenye timu. Nikachimbia nguzo zangu mwenyewe.

Miaka ikaenda. Kila mwaka nilipata wachezaji, kila mwaka nikapoteza wengine kwa mzazi mmoja au mwingine. Nikajifunza ujanja, na ujanja huu nauandika ili msiurudie: kwenye fomu ya ruhusa ya wazazi niliandika "michezo" tu. Sikusema mchezo gani. Baba akasoma "michezo", akafikiria netiboli, akatia saini. Sikudanganya, ila nilijua anachofikiria, na nikamwacha afikirie.

Ndivyo nilivyompata Salima. Aliingia kidato cha kwanza akiwa mrefu na mkimya, ana mguu wa kushoto ambao sijauona tena mfano wake. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mkulima wa korosho, mtu wa msikitini, anayevaa kofia yake imelala kidogo upande wa kulia. Alikuwa mtu mwema, lakini neno lake likishatoka halirudi, na wazazi wengine walimtazama yeye kabla ya kuamua lolote. Fomu ya Salima alikuwa ameitia saini kama wenzake.

Salima alipofika kidato cha tatu nilitaka ajifunze mpira wa adhabu, na hapo ndipo ukuta ulipohitajika. Tulijaribu ukuta wa wasichana, wakawa wanageuza migongo na kupiga mayowe kabla mpira haujapigwa. Tulijaribu magunia yaliyojazwa majani makavu, mbuzi wakayala. Nikaona dawa ni watu wa mti. Nikaenda kwa Mzee Nandonde, mchongaji aliyekaa si mbali na shule. Alikuwa na tezo yake, patasi zake, na redio isiyozimwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Upendo. Karibu. Nikuchongee nini, maana mgeni wa mchana ana shida."

Nikamweleza. Nataka mbao tano, urefu wa mtu, za mti mwepesi, chini ziwe na kigingi cha kuchomeka ndani ya tairi la mchanga na saruji. Bapa tu. Pua hazihitajiki, wala masikio.

Akaweka tezo chini. "Mtu asiye na uso ni mtu gani huyo, Mama Upendo?"

"Ni wa kupigiwa mpira, Mzee."

"Hata wa kupigiwa mpira. Mwenyewe atajuaje kama kapigwa?"

Nilicheka nikaondoka, nikidhani tumeelewana. Mwenye akili angejua kwamba Mmakonde na kipande cha mti huwezi kuwapangia. Baada ya majuma mawili walikuja watano juu ya guta, wamefunikwa maturubai. Tulipofunua, shule nzima ilitoka darasani mbio ikaja uwanjani. Wa kwanza alikuwa bibi kizee mwenye ndonya mdomoni na chale mashavuni. Wa pili polisi, mashavu yamevimba kwa filimbi. Wa tatu tutamwacha kidogo. Wa nne mwanamume anayecheka mpaka jino la mwisho. Wa tano alifanana nami, na kiuno sikukipenda.

Wa tatu, wa katikati, alikuwa na masikio makubwa, kunyanzi moja refu kwenye paji la uso, na kofia imelala upande wa kulia.

Nikamtazama Mzee Nandonde. Alikuwa amekaa kwenye guta anafuta machozi ya kicheko. Mwenyekiti wa bodi, Baba Salima, alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Kwa hiyo walikuwa watani wa tangu utotoni. Mmoja alipofiwa, mwenzake ndiye aliyekuja msibani kuudhi watu wakacheka. Mmoja alipooa, mwenzake alijilaza mlangoni bibi harusi asipite mpaka apewe kuku.

"Nimemweka katikati," akaniambia, "ili asikose hata mpira mmoja. Yeye alinifungia mbuzi kwenye kitanda changu siku nimelala na homa. Mwache apigwe mipira mpaka mchwa wamle."

Utani hauna kesi, nami sikuona ubaya wowote. Nikasimamisha ukuta, nikapanga wasichana, tukaanza.

Bibi wa ndonya alipigwa. Polisi alipigwa pua ikapasuka. Mimi nilipigwa kiuno, labda ili kipungue. Mipira mingine iliruka juu ikaingia golini, na kelele zilisikika mpaka barabarani. Ikafika zamu ya Salima, mpigaji wangu wa kutegemewa, na mpira wake ukapita juu ya ukuta, juu ya mtambaa wa panya wa goli, juu ya uzio, ukaingia kwenye mihogo. Wa pili vilevile. Wa tatu uliishia kwenye kibendera cha kona.

Nilifanya kazi ya mwalimu. Nikaleta chaki ya Mwalimu Mtipa. Nikarekebisha mguu wa kusimamia, nikasogeza bega, nikamwambia asiinue kichwa. Chaki ilikaa pale pale inapotakiwa kukaa, na mpira uliendelea kwenda kwenye mihogo. Siku kumi nilirekebisha mguu usio na kasoro. Nilikuwa na vyeti vitatu vya mafunzo ya michezo, navyo vyote vilinyamaza.

Kisha saruji ya yule wa katikati ikapasuka, nikamlaza pembeni ikarabatiwe. Jioni ile Salima alipiga mipira sita juu ya wale wanne, na sita ikaingia.

Nikamwita kando. "Salima, ni nini?"

Akawa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. "Madam, yule ni baba."

"Yule ni mti, mwanangu."

"Ni mti wenye uso wa baba. Mzee Nandonde ni mtani wake, anaruhusiwa. Mimi ni mtoto. Nikimpiga usoni, nitamwomba nani radhi? Mti hausamehi."

Nimezaliwa na kukulia huku, najua binamu anaweza kufanya nini na mtoto hawezi kufanya nini, na bado siku kumi nilitafuta jawabu kwenye kifundo cha mguu. Nikaona aibu, kisha nikampenda mtoto yule zaidi.

Wakati huohuo ikaja barua ya mashindano ya Masasi, na fomu mpya. Safari hii fomu ilitaka jina la mchezo liandikwe wazi, na saini ya mzazi mbele yake. Zilibaki siku nne. Wasichana kumi na sita walirudi na fomu tupu, na wote walikuwa na jibu moja: baba amesema tusubiri tuone Baba Salima ataandika nini. Salima hakuwa ameitoa yake kwenye begi. Nikajua ule ujanja wangu umenirudia. Akikataa Baba Salima, sina timu, si mwaka ule tu. Nikapanga kwenda kwake kesho yake nikaseme kweli yote.

Hakuningoja. Jioni ileile, saruji ikiwa imeshakauka na ukuta umesimama kamili, niliona pikipiki inaingia uwanjani. Nyuma yake baiskeli, na juu ya baiskeli Mzee Nandonde anakanyaga kwa haraka ili asikose tamasha. Mtu alikuwa amemwambia mwenyekiti kwamba yupo uwanjani anapigwa mipira na watoto wa kike.

Wasichana wakasimama mstari. "Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba." Hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mtu wa katikati, akasimama mbele yake, wakatazamana. Salima alikuwa nyuma ya wenzake, amevaa traki na hijabu, mpira mkononi, hana pa kuuweka.

"Nani kanipa masikio haya?" akauliza.

"Mungu," akasema Mzee Nandonde. "Mimi nimenakili tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Baba Salima akauzunguka ukuta. Akapitisha kidole kwenye pua ya polisi iliyopasuka. Akatazama shavu la bibi lililobonyea. Akanitazama kiuno, cha mti nacho cha kweli, naye kwa heshima akaendelea. Akarudi kwa mtu wake, akamshika uso kwa mikono miwili kama anayekagua tikiti maji sokoni.

"Mwalimu," akasema, "wenzangu wote wamepondwa. Mbona mimi sina hata alama?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya, na nilikuwa nimezoea.

"Mzee, anayepiga mipira ya adhabu kwenye timu hii ni Salima. Hii ni timu ya mpira wa miguu. Fomu uliyosaini niliandika michezo, sikukueleza ni upi. Kosa ni langu. Na tangu umesimamishwa hapo, binti yako hajaweza kupiga. Anaogopa kukugusa."

Akageuka. Wasichana wakafunguka katikati kama pazia, na Salima akabaki peke yake na mpira wake.

"Kwa hiyo mipira imekuwa ikienda wapi?"

"Kwenye mihogo, baba." Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Mihogo ya nani?"

"Yetu."

Mzee Nandonde akalala juu ya usukani wa baiskeli kwa kicheko. Baba Salima akamkumbatia yule mtu wa mti, akamng'oa na tairi lake, akamburuza pembeni. Akarudi akasimama mwenyewe katikati, bibi wa ndonya na polisi kulia kwake, yule mcheka na mimi wa mti kushoto. Akavua kofia akamrushia binamu yake. Akaweka mikono mbele ya suruali, kama alivyoona wanaume wakifanya kwenye televisheni.

"Umesema kweli, mti hausamehi," akasema, na hapo nikajua kwamba mama yake Salima, ambaye hakuwahi kukosa mechi, alikuwa ameshamfikishia nyumbani maneno ya binti yao; kumbe aliuliza akijua. "Lakini mimi nipo hai. Ukinipiga, nimekusamehe kabla. Piga, mwanangu."

Salima akauweka mpira chini. Akarudi hatua nne, akainua macho, akamtazama baba yake badala ya kutazama mchanga. Nilitaka kusema kitu kuhusu mguu wa kusimamia, nikajiziba mdomo kwa filimbi.

Aliupiga kwa ule mguu wa kushoto. Mpira ukapanda juu ya bega la baba, ukapita jirani na sikio lake la kulia, ukajikunja, ukashuka ndani ya nguzo ya mbali. Uwanja ukalipuka. Wasichana walimrukia Salima wakaanguka wote, Mzee Nandonde alitupa kofia ya watu juu, na mimi nililia wazi, safari hii bila salfa.

Baba Salima peke yake hakusogea. Alikuwa bado amekakamaa ukutani, mabega juu.

"Limeingia?" akauliza.

"Limeingia, baba!"

Akashusha pumzi, akafungua jicho moja, kisha la pili.

"Mwalimu, lete fomu na kalamu, uandike mpira wa miguu kwa herufi kubwa, nitasaini nikitoka hapa. Nawe rudia, mwanangu. Nilifumba macho, sikuona kitu."